Trei ya Sindano ya Sista Pasi

Najua kuna watakaogeuziana shingo na kukonyezana kabla sijafika mstari wa pili, kwamba huyu bibi ni mzee, msiba umemchanganya, shule yenyewe aliishia darasa la saba, atajua wapi mambo ya wauguzi na mabaraza yao, basi nawaambia mapema, kama umekuja hapa na shaka yako ikunje uikalie, kwa sababu huyu aliyelala mbele yenu nilimwogesha mimi siku aliyozaliwa, na mwezi uliopita nilimwogesha mimi tena alipokuwa hawezi hata kugeuka ubavu, na katikati ya hayo maji mawili hakuna mtu ndani ya ukumbi huu aliyemjua kunizidi. Karatasi ambayo familia ilinipa niwasomee, iliyochapwa vizuri na kuwekewa ua pembeni, ninayo ndani ya mkoba na humo itabaki, maana inasema marehemu alikuwa mama wa wagonjwa wote na alistaafu bila doa, na mimi macho yangu yana mtoto wa jicho lakini doa naliona. Hii ninayosoma nimeiandika mwenyewe kwa mkono, ndiyo maana nitakwamakwama.

Mdogo wangu alizaliwa siku ya Jumanne, tarehe 14 Juni 1955, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni, akiwa mtoto wa tatu na kitinda mimba wa baba yetu aliyekuwa dereva wa lori na mama yetu aliyekuwa akifua na kupiga pasi nguo za watu, wa kwanza nikiwa mimi, na wa pili kaka yetu ambaye alishatutangulia. Alikuwa mtoto msafi kupita kiasi, hakubali kukaa chini bila kupangusa, na akiwa bado mdogo alijua kunyoosha kola ya shati kwa pasi ya mkaa mpaka ikasimama kama imekaripiwa, kazi ambayo mimi mpaka leo inanishinda.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1963 hadi 1969, akaendelea na sekondari hadi 1973, akaingia chuo cha uuguzi Januari 1974 na kumaliza mwaka 1977, na likizo zote alizokuja nyumbani mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia kitabu akariri huku mkono mmoja nakunja mashuka ya wateja wa mama, ndiyo maana kuna maneno ya uuguzi yamenikaa kichwani mpaka leo kama sala, kwamba dawa anayeivuta ndiye anayeichoma, hapokei bomba la sindano lililovutwa na mwingine, na hamchomi mgonjwa mpaka mgonjwa ataje jina lake kwa kinywa chake mwenyewe. Alikuwa akikosea neno anarudia toka mwanzo bila kuambiwa. Siku alipokula kiapo cha uuguzi, mshumaa mkononi, mama yetu alilia mpaka akasahau kwamba ameacha pasi juu ya nguo ya mtu, na ile nguo tukailipia.

Ya ndoa nayatanguliza kabla ya kazi kwa makusudi, kwa sababu nikishaingia kwenye kazi sitatoka upesi. Alifunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979 na fundi saa, mtu mpole asiye na makuu, aliyerekebisha saa za mtaa mzima isipokuwa ile ya ukutani kwao, ambayo ilisimama saa nne kasoro mpaka alipofariki yeye mwaka 2003, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza ni huyu bwana wa bima aliyevaa tai hapo mbele, wa pili ni binti yetu mwalimu, na wa mwisho ni fundi wa friji, ambaye ndiye pekee aliyekuja kunisaidia kumgeuza mama yake kitandani bila kushika pua. Wajukuu wapo, wamekaa nyuma, na hao hawana kosa lolote katika haya nitakayosema.

Sasa kazi. Aliajiriwa tarehe 1 Julai 1977 katika hospitali ile ile alikofia, akaanzia wodi ya watoto, akapita chumba cha upasuaji, na mwaka 1994 akakabidhiwa usimamizi wa wodi ya wanawake, na sitamnyima haki yake, mkono alikuwa nao, aliweza kuupata mshipa kwa mtu aliyekauka kama kuni huku anaongea na mwingine, na sare yake ilikuwa na mikunjo unayoweza kukatia mkate, ndipo wakamwita Sista Pasi, jina ambalo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi. Lakini kuna kitu kinampata mtu akishaogopwa, na yeye kilimpata, ulimi ukawa mrefu, akawa anawaambia akina mama wenye maumivu kwamba wanadeka, akawa anawafukuza ndugu waliokuja kuona wagonjwa wao kwa mguu wa stendi ya dripu kama anafukuza kuku, na wote mlioko benchi la mbele, wauguzi wenzake, mlikuwa mnacheka, msinikatalie, nilikuwa nakuja kumletea chakula na nilikuwa nawasikia toka nje ya mlango.

Na ndipo ukaingia mtindo wa trei. Asubuhi, badala ya kila muuguzi kumwendea mgonjwa wake na kichupa chake, amuulize jina, avute dawa mbele yake, amchome, mdogo wangu alikaa mezani pale wanapokaa wauguzi, akavuta dawa za wodi nzima kwa mkupuo, akayapanga mabomba juu ya trei ya bati kwa mfuatano wa vitanda, la kwanza la kitanda cha mlangoni, la mwisho la kitanda cha dirishani, bila jina, bila lebo, kisha akawapa wadogo wake trei wakazunguke wakichoma, na yeye akabaki na chai yake. Ulikuwa wa upesi, sikatai, mpaka wodi nyingine wakaja kuuiga, wakauita trei ya Sista Pasi kwa sifa, na wanafunzi waliotoka chuoni na kitabu kile kile nilichokuwa nikikishika mimi wakafundishwa kukisahau ndani ya wiki moja.

Mwezi wa nne mwaka 2011 waliletewa muuguzi mpya, binti aliyekuwa na leseni yake mpya kabisa, wakambatiza Soksi siku hiyo hiyo, kwa sababu alikuja amevaa soksi nyeupe zilizovutwa mpaka gotini kama sheria ya sare inavyotaka, na wao walikuwa wanashinda na kandambili. Zamu ya asubuhi walikuwa wanne, marehemu akiwa msimamizi, Soksi, dada mmoja ambaye leo ni Matroni wa hospitali, na kaka mmoja ambaye wagonjwa walimwita Bwana Glavu, kwa kuwa glavu za serikali ukizitaka ilibidi uzinunue mfukoni kwake. Matroni yupo hapa, Bwana Glavu yupo hapa, wamekaa wanapakana mabega, na taji la maua walilolileta ni kubwa kuliko jeneza.

Sikilizeni vizuri, si jambo gumu. Katika wodi ile kulikuwa na mama mmoja mpishi wa shule, mgonjwa wa kisukari, kitanda chake dirishani, na mama mwingine fundi wa mapazia, aliyekuwa na homa ya matumbo, kitanda chake mlangoni, hali chochote ila maji, kila kitu anatapika. Usiku mmoja wale akina mama wawili walikubaliana wenyewe wabadilishane vitanda, mpishi alitaka kuwa karibu na choo kwa sababu kisukari kilikuwa kinamwamsha kila mara, na fundi wa mapazia alitaka hewa ya dirishani, wakabebeana mito, wakacheka, wakalala. Muuguzi wa usiku aliwaona na wala hakuficha, asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu aliwaambia wenzake, mpishi sasa yuko mlangoni, fundi yuko dirishani, na waliokuwa wamesimama hapo wakisikia ni Matroni na Bwana Glavu, kwa sababu Soksi alikuwa ametumwa stoo akachukue mashuka, na marehemu kwa miaka kadhaa hakuwa akisimama kwenye makabidhiano, akisema hayo ni ya wanaoanza kazi.

Marehemu akavuta dawa kwa mpango wa jana. Insulini akaiweka mwisho wa trei, ya dirishani. Hao wawili waliosikia wakaiona trei, wakajua, wakanyamaza, kwa sababu kumsahihisha Sista Pasi ilikuwa ni kujitafutia zamu za usiku mwezi mzima.

Soksi alipopewa trei aliuliza, na maneno haya marehemu alinitamkia mwenyewe, hakunificha, akasema, samahani dada, hii ya mwisho ni ya nani, na chupa yake iko wapi, na mdogo wangu akamwambia, fuata trei, kitanda mpaka kitanda, mbona una kiherehere, chuo umekiacha juzi tayari unataka kunifundisha kazi, na Bwana Glavu akadakia kwamba huyu soksi zimembana damu haifiki kichwani, wakacheka, na binti akaenda. Nami sisemi kwamba Soksi hana kosa, kosa analo, alichoma dawa ambayo hakuivuta na hakumuuliza mgonjwa jina, na yeye mwenyewe alilisema hilo siku ya kwanza na hajawahi kulimung'unya.

Fundi wa mapazia, ambaye hakuwa na sukari ya kupunguzwa wala chakula tumboni, akaanza kutetemeka na kutoka jasho mpaka shuka likalowa, Soksi akakimbia mezani kusema mgonjwa wa dirishani habari yake siielewi, Bwana Glavu akajibu toka kwenye kiti kwamba jasho ni homa inashuka, mwache, na mdogo wangu akasema mwache alale, hawa wa homa ya matumbo wana maringo, akaachwa alale, na kwa kuwa alikuwa hapigi tena kelele wakaona amepata nafuu. Alipofika daktari alimkuta hana fahamu, na kabla ya mchana alikuwa amekufa, mwanamke mzima aliyeingia hospitali kwa miguu yake na kuacha nyumbani mapazia ya watu yakiwa nusu.

Jambo lenyewe lilijulikana kwa njia ya kijinga kabisa, yule mpishi wa shule, amekaa kitandani kwake mlangoni, akaita tu kwa sauti ya kawaida, sista, mbona mimi leo hamjanichoma ile yangu ya sukari, na pale mezani kila mtu akajua. Na jambo la kwanza alilofanya mdogo wangu, ambaye wengine mmemwandika kuwa mama wa wagonjwa, halikuwa kwenda kwa maiti wala kwa daktari, lilikuwa kubeba ile trei kwenda sinkini na kuiosha. Aliiosha, akaifuta, akaitundika. Aliponisimulia hilo nilikuwa namlisha uji kwa kijiko, na kile kijiko nilikirudisha bakulini, nikatoka kwenda kusimama koridoni.

Baraza la Wauguzi lilikaa mwezi wa nane mwaka huo huo, na mbele ya Baraza marehemu akasema kwamba katika wodi yake hakujawahi kuwa na mtindo wa trei, kwamba kila muuguzi huvuta dawa yake mwenyewe kama kanuni inavyosema, na kwamba alimwona Soksi kwa macho yake akivuta insulini, Matroni akasema ni kweli, Bwana Glavu akasema ni kweli, muuguzi wa usiku akasema yeye aliondoka mapema hakuona kitu, na yule binti, peke yake, na soksi zake, akasema yaliyotokea kama yalivyotokea, pamoja na kosa lake, na kwa kuwa mmoja alisema vile na watatu wakasema hivi, wakamwangushia jumba bovu lote likamfunika. Leseni ikachukuliwa, jina likafutwa kwenye rejista ya wauguzi. Mwisho wa mwaka marehemu akapewa cheti cha mfanyakazi bora wa hospitali na keki ya sukari nyeupe, na picha ya siku hiyo ndiyo hii mliyoiweka juu ya jeneza, angalieni wenyewe, Matroni ndiye anayemlisha kipande.

Alistaafu tarehe 30 Juni 2015 kwa sherehe. Soksi kwa wakati huo alikuwa kiwanda cha maji ya chupa, na bado yuko huko, anavaa buti za mpira anabandika lebo, ameolewa, ana watoto wawili, na hajaweza kwenda sokoni katika mtaa aliokulia bila mtu kumnong'oneza mwenzake kwamba ndiye huyo, muuguzi aliyeua.

Ugonjwa wa marehemu ulianza Agosti 2023, tumbo likimkataa, na walipompima wakakuta ni saratani ya tumbo iliyokwisha kusambaa, akalazwa katika hospitali aliyoifanyia kazi, chumba cha peke yake mwisho wa koridoni, nami nikahamia hapo na kiti changu cha kukunja. Na hapo ndipo nilipoanza kuona vituko. Kila muuguzi aliyeingia na bomba lililokwisha kuvutwa, mdogo wangu alirudisha mkono chini ya blanketi akasema, kavute upya, uje na chupa, uvute mbele yangu, unisomee lebo, kisha uniulize mimi ni nani, na binti wa watu akisema, lakini bibi nakujua, wewe ndiye Sista Pasi, alijibu kwa ukali, niulize. Walimchoka, wakambandika jina la Mama Kanuni, wakawa wanarushiana nani aende. Mara ya tatu nikamuuliza, mwenzangu, na wewe ulikuwa unavuta mbele yao, akageukia ukuta, akasema wakati ule kazi zilikuwa nyingi, nikamwambia sijakuuliza wingi wa kazi. Ndipo akaniambia yote, kidogo kidogo kama mtu anayetema mifupa, haya niliyowasomea.

Sikutaka aungame kwangu, mimi si padri wala si Baraza, nilimtaka aseme pale inapohitajika, kwa sababu nilipomtafuta Soksi na kumpata nilikuta ameshapeleka maombi arudishiwe leseni yake, na amejibiwa kwamba anahitaji mtu mmoja tu aliyekuwa kwenye zamu ile aseme kwamba trei ilikuwepo na dawa ilivutwa na msimamizi. Mtu mmoja tu. Nikamleta Soksi hospitali kwa mkono wangu, akaingia, akasimama miguuni mwa kitanda, akaamkia, shikamoo mama, na mdogo wangu hakuitika, akamwangalia miguu. Wakati huo huo akaingia muuguzi na dawa ya maumivu, na mnajua alichofanya huyu dada yenu mpendwa, aliunyoosha mkono, akamwambia yule muuguzi, vuta, na huyu hapa akuangalie, akamwonyesha Soksi kwa kidole. Katika hospitali nzima iliyojaa watu wenye leseni, alipotaka mwili wake uwe salama, alimchagua yule ambaye yeye alimnyang'anya yake. Soksi alisogea, akasoma lebo, akaangalia kipimo kwenye bomba, akasema iko sawa, akashika mkoba wake akatoka, na koridoni aliniambia, Mama Mkubwa, mikono yangu imekumbuka.

Nikadhani sasa amelainika. Karani wa Baraza, kijana mstaarabu, akakubali kuja mpaka kitandani kuchukua maneno yake, akavuta kiti, akatoa kalamu, akamuuliza, mama, tuambie kuhusu asubuhi ile, na mdogo wangu, ambaye dakika chache kabla alikuwa akinikumbusha rangi ya gauni nililovaa siku ya arusi yake, akasema, mwanangu umri umekwenda, sikumbuki. Karani alipoondoka nilimuuliza, huna haya wewe, akasema, dada, nataka kuzikwa na sare, wenzangu wanisindikize, nikisema leo watanivua, nitazikwa na nini, nikamwambia utazikwa na shuka kama watu wengine, akafumba macho, na mpaka anakufa hatukuzungumza tena juu ya hilo. Nilimwogesha, nilimlisha, nilimgeuza. Kuongea hatukuongea.

Alifariki Jumapili, tarehe 11 Februari 2024, asubuhi, akiwa na miaka sitini na minane, na kama mnavyoona sare amevikwa, imepigwa pasi, na wenzake wamepanga mstari, basi alichokitaka amekipata. Mimi nilirudi kwa karani nikamwambia niandike mimi, marehemu alinisimulia, akanisikiliza vizuri mpaka mwisho, kisha akasema, bibi, nakuamini, lakini wewe hukuwepo, niletee aliyekuwepo. Baraza linakaa mwezi ujao. Waliokuwepo na walio hai nimeshawataja, na muuguzi wa usiku yuko ng'ambo na hajibu simu.

Naomba sasa kutoa shukrani, kama ilivyo desturi. Tunamshukuru daktari wa saratani, ambaye hakutudanganya hata siku moja, na wauguzi vijana wa wodi ile, ambao walitukanwa na mgonjwa kwa kufanya kile kile alichowafundisha yeye waliowafundisha wao, na wakaendelea kuja. Majirani mliochota maji na kukaa na nyumba yangu nilipokuwa hospitali, ahsanteni, na aliyekula kuku wangu wawili naye nimemsamehe. Kijana wangu wa friji, Mungu akuzidishie. Na kwa wafanyakazi wenzake marehemu, Matroni na Bwana Glavu, nawashukuru kwa taji la maua, na nawaambia mbele ya watu wote hawa kwamba mkiwa mnanitazama hivyo mnanitia kinyaa kuliko yeye, kwa sababu yeye alikuwa na kifo mbele yake na woga wake nimeuona kwa macho, nyinyi mna nini mbele yenu, cheo na pensheni, na aliyewaogopesha amelala hapa hawezi tena kumpangia mtu zamu ya usiku.

Soksi amekuja msibani. Hamkumwona kwa sababu huyu mwanangu wa bima alimzuia pale mlangoni, akamwambia leo si siku yake, na yeye hakubishana, akakaa kwenye benchi la nje, upande wa jua. Wewe mwanangu, usinivute gauni, nimemaliza.

Mdogo wangu, nilikubeba mgongoni na nimekubeba mpaka hapa, kitanda chako sasa ni kimoja na hakuna atakayekibadilisha, ulale, na huko unakokwenda ukiulizwa jina lako ulitaje mwenyewe.

Makaburini sitakwenda, kuna watu wa kutosha na sare za kutosha. Naivua miwani, karatasi hii naiacha juu ya jeneza, juu ya ile picha ya keki, natoka kukaa na Soksi kwenye benchi, na mlango wa ukumbi naufunga kwa mkono wangu, ili yeyote kati yenu wawili atakayetaka kuja kusema alichokiona aufungue mwenyewe, kwa mkono wake, watu wakimtazama.